Masika ya Barafu

Machi 4, Jumatatu

Friji limekufa. Umeme ulikatika saa nane mchana, ukarudi saa tisa kwa nguvu iliyozifanya taa ziwe nyeupe kabisa, kisha jikoni kukanuka mpira ulioungua. Fundi amefungua nyuma, amenusa, amesema tusisumbuke. Ndani palikuwa na maziwa, nusu kabichi na chupa mbili za insulini za mke wangu. Maziwa tumewapa majirani.

Teodora amesema chupa tuziweke kwenye chungu cha mchanga uliolowa, chini ya kitanda, kama afanyavyo binamu yake wa Kisesa mwaka wa sita sasa. Nimecheka. Nilikicheka chungu, lakini aliyekuwa na masikio ni yeye.

Naanza daftari hili ili niandike vipimo vyake vya sukari kila siku mpaka tupate friji jingine. Nimefundisha baiolojia miaka thelathini na nne, na kitu kisichoandikwa sikiamini. Leo asubuhi kabla ya chai: 7.6.

Machi 5, Jumanne

Siku ya kliniki. Tangu nistaafu, kila Jumanne Nesi Evelina hunipa robo saa ya kuzungumza na wagonjwa wa kisukari wanaosubiri kuitwa. Wao hukaa kwenye benchi refu la ukutani, Teodora akiwa miongoni mwao, nami husimama mbele kama zamani. Chaki tu ndiyo haipo.

Leo nimewaambia habari ya kijiko. Katika damu yote ya mtu mzima mwenye afya, lita tano hivi, sukari iliyomo ni kama kijiko kimoja cha chai. Mtu anakula ugali, viazi, wali, anakunywa chai ya asubuhi na ya jioni, sukari ya vikombe inapita mwilini mwake, na bado kijiko ni kilekile. Nani anakilinda? Nyuma ya tumbo kuna kiungo chenye umbo la jani refu, kinaitwa kongosho, nacho huonja damu usiku na mchana. Sukari ikipanda, kongosho humwaga insulini, na insulini huiambia misuli ipokee na kuliambia ini liweke akiba. Sukari ikishuka, kwa mfano mtu amelima tangu alfajiri bila kula, kongosho hilohilo humwaga glukagoni, na ini hufungua ghala lake. Kwa wagonjwa wengine, hasa vijana, mwili wenyewe huziua chembe zinazotengeneza insulini. Kwa wengi wa benchi letu, mwili umekuwa kiziwi. Insulini inasema, misuli haisikii, kongosho linapaza sauti miaka na miaka mpaka linachoka. La Teodora limechoka. Huu ni mwaka wa nne anachoma sindano asubuhi na jioni.

Mzee Shigela, aliyekuwa dereva wa malori ya pamba, amesema la kwake lilichoka akiwa kwenye usukani, akasimama kukojoa mara tisa kati ya Shinyanga na Mwanza, mpaka utingo akadhani anakagua matairi. Nikamweleza kwamba sukari ikizidi, figo hushindwa kuirudisha yote, huimwaga, nayo huvuta maji kwenda nayo. Ndiyo kiu, ndiyo mkojo, ndiyo sisimizi chooni.

Nilipokaa, Teodora amenong'ona kwamba nimesema vizuri.

Machi 6

Nimepata barafu. Anyango, muuza sangara wa soko la Buhongwa, huchukua barafu kiwandani Nyakato kila siku. Ni mtu wa kwetu Rorya, ndiyo maana huniita baba. Amenipa deli lake la zamani, lile kasha la kutunzia baridi, na kila jioni ataniletea barafu ya unga.

Barafu peke yake huyeyuka upesi na haishuki sana chini ya sifuri. Nimeongeza chumvi ya mawe viganja viwili, kama nilivyokuwa nikiwaonyesha kidato cha pili, kwa kuwa chumvi huishusha baridi ya barafu chini zaidi. Nimezika chupa zote mbili humo. Teodora ametazama kwa muda, kisha ameuliza kama dawa nayo haitaona baridi. Nimemjibu kwamba dawa haivai sweta.

Machi 9

8.1. Mvua ya kwanza ya masika.

Machi 12, Jumanne

Nimewaeleza watu wa benchi njia yangu ya deli na chumvi. Suzana, mshonaji wa Nyakato, ameniomba nirudie vipimo vya chumvi. Mzee Shigela ameuliza kama barafu ya duka la bia inafaa au itamlewesha. Nimesema barafu ni barafu.

Teodora 11.3. Huenda ni ubwabwa wa msiba wa jana.

Machi 16

13.9. Mvua usiku kucha. Asubuhi nilipoitoa chupa, ndani yake mlikuwa na vijisindano vya barafu, na nilifurahi kuona baridi ilivyofanya kazi. Niliiviringisha viganjani mpaka ikarudi kuwa kama maziwa. Chembe chembe nyeupe zilibaki zimeshika kioo. Nilitikisa.

Machi 19, Jumanne

15.2. Evelina ametuita ndani. Amemuuliza Teodora kuhusu chakula, amemwomba aonyeshe anavyochoma sindano, kisha akauliza dawa tunaihifadhi vipi. Teodora alikuwa amefungua mdomo. Nikajibu mimi kwamba iko kwenye baridi, na kwamba jambo hilo ndilo ninalowafundisha wengine. Kwa heshima, Evelina hakuuliza zaidi. Ameongeza dozi kutoka uniti ishirini na nne kwenda thelathini kila asubuhi.

Machi 23

16.0.

Nimemuuliza Teodora anakula nini nikiwa sipo. Amesema anakula ninachokiona.

Machi 25

15.8. Nimeuliza tena. Amejibu yaleyale kwa maneno yaleyale.

Machi 27

Nimeshuka mjini, nikapita Kirumba kutazama ziwa. Limepanda. Wauza samaki wamehamisha meza zao mara mbili mwezi huu, na kibanda kimoja cha chai kinauzia watu waliosimama majini.

Nilikuwa na miaka kumi ziwa lilipopanda mwaka ule wa baada ya uhuru. Nyumba zetu zilikuwa ufukweni, Rorya, hatua mia moja na arobaini kutoka majini, nilizihesabu mwenyewe. Baba alichomeka kijiti penye ukingo wa maji kila asubuhi. Alisema ziwa litarudi. Asubuhi kijiti kikikutwa majini, alikichomoa akakisogeza, akasema litarudi. Alikuwa mtu makini, hakukosa siku hata moja. Kijiti cha mwisho alikichomeka sebuleni. Tuliondoka tumebeba milango tu. Maji yalipopungua, pale kwetu palibaki matete, na baba hakutaka tena kupaona. Ndivyo nilivyokuja kuwa mtu wa Mwanza. Miaka hamsini nimekaa kati ya Wasukuma, nimeoa kwao, nimefundisha watoto wao, na bado huitwa Mjaluo wa Teodora. Silalamiki. Ni jina zuri kuliko mengine niliyopata.

Leo 17.1.

Machi 31, Pasaka

Siku mbaya. Luhaga, mdogo wake Teodora, amekuja kutoka Kisesa na gunia dogo la michembe begani. Kila Pasaka huleta viazi hivyo walivyokata na kukausha, maana dada yake amekua navyo. Aliingia na utani wake wa kawaida, akauliza kama shemeji yake bado anakula samaki mpaka miiba. Nami, mbele ya binti yetu Rebeka na mbele ya majirani waliokuja kula, nilimwambia alirudishe gunia lake, kwamba sukari ya dada yake iko juu na sasa najua inatoka wapi.

Luhaga alitazama gunia kama mtu aliyeambiwa kabeba nyoka. Teodora alisema kwa sauti ya chini, "Baba Rebeka, sijala michembe tangu mwaka jana." Nilisema vipimo havidanganyi.

Luhaga amerudi nalo. Hakumaliza chai.

Aprili 2, Jumanne

18.3. Uniti thelathini na sita.

Aprili 5

Nimeufungia mkebe wa sukari kwenye sanduku langu la vitabu. Nimehesabu viazi: kumi na vinne.

Aprili 6

Kumi na vinne. 18.8.

Aprili 7

Kumi na vinne. 17.9. Amenunua kwingine.

Aprili 9, Jumanne

Robo saa yangu nimeitumia kusema juu ya ukweli. Niliwaambia watu wa benchi kwamba dawa haiwezi kumsaidia anayekula kwa siri. Nikasema namfahamu mgonjwa mmoja, mwanamke mtu mzima, mwenye kila kitu, dawa, kipimo, mtu wa kumsimamia, naye huficha chakula kama mtoto. Sikutaja jina. Hakuna aliyemtazama Teodora, na kwa namna walivyojizuia kumtazama nilijua wote wameelewa. Mzee Shigela hakufanya mzaha wowote.

Tuliporudi nyumbani alipika, akanipakulia, akaenda kukaa nje hadi mvua ilipomrudisha ndani.

Aprili 14, Jumapili

Amekiri.

Nilikuwa nimemuuliza tena baada ya ibada. Nilimwambia simuulizi kwa hasira, ila mwalimu akikosa sababu hawezi kutibu kosa. Alikuwa akikunja nguo. Aliweka ile aliyoishika, akasema, "Ndiyo. Nakula. Michembe. Kila siku." Nikamuuliza anaipata wapi. Akasema sokoni. Nikamuuliza kiasi gani. Alifikiri kidogo, akasema viganja viwili.

Nimemshukuru kwa kusema kweli. Nimemwambia sasa tutaanza upya. Leo nimelala mchana kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Aprili 18

19.4. Basi hajaacha.

Aprili 23, Jumanne

20.2. Sasa uniti arobaini na nne. Evelina amesema kiasi hicho kinamtia wasiwasi, akauliza tena juu ya chakula. Teodora amejibu mwenyewe kabla yangu: michembe, nesi. Evelina ameandika.

Anakunywa maji jagi baada ya jagi na amepungua. Gauni la kitenge la Pasaka limemlegea mabegani.

Aprili 26

Amekuwa akivaa viatu vya plastiki kwenda kwenye kibustani chetu, maana matope ni mengi. Leo wakati wa kuoga nimeona kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kama shilingi, mkanda wa kiatu umemkata. Hakukijua. Miguu yake imepoteza hisia miaka miwili sasa, kwa kuwa sukari ikikaa juu muda mrefu huila mishipa ya fahamu. Nimekiosha na kukifunga.

Aprili 28

Kidonda kikubwa zaidi. 21.0.

Aprili 30

Evelina amekisafisha, ametupa dawa za kumeza, amesema tusiache kurudi Alhamisi.

Mei 2, Alhamisi

Hatukufika kwa Evelina. Asubuhi kidole kilikuwa cheusi na chumba kilinuka. Kipimo kiliandika herufi mbili tu, maana yake sukari imepita kiwango kinachosomeka. Rebeka ameleta gari la jirani, tumempeleka hospitali kubwa. Amelazwa.

Mei 3, Ijumaa

Naandika nikiwa kwenye ngazi za wodi.

Jana walimwekea dripu ya maji na insulini ya polepole, na hadi jioni alikuwa 14. Leo asubuhi alikula uji kidogo. Daktari kijana aliniuliza anachoma kiasi gani nyumbani. Nilisema arobaini na nne asubuhi, na nikamwonyesha daftari hili, vipimo vyote kwa tarehe. Alilisifu. Aliona vipimo hivyo, akaona dozi ni kubwa, akapunguza hadi arobaini. Walimchoma kwa chupa ya wodi saa mbili na nusu.

Saa nne na nusu nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Alianza kutoka jasho, na hakukuwa na joto, mvua ilikuwa ikinyesha. Mikono ikatetemeka. Akaniita Masele. Masele ni kaka yake aliyefariki tungali vijana. Akaniambia, "Masele, funga zizi, wanatoka." Nilimwita jina lake, akanitazama kama mtu anayetazama dirisha. Nilikimbia. Mimi mwenye miaka sabini na miwili nilikimbia katika korido ya wodi nikiita nesi.

Kipimo: 2.1. Walimchoma sukari ya maji kwenye mshipa, ikiwa nzito kama shira, na katika dakika nne alirudi. Ilikuwa kama kumtazama mtu akitoka majini. Aliuliza kwa nini ninalia.

Nimekaa hapa ngazini saa nzima nikifikiri, na nitaandika fikra hizo zilivyokuja. Mwili ni uleule. Dawa ni ileile, jina lilelile kwenye chupa. Uniti arobaini na nne za nyumbani hazikumshusha hata chembe kwa siku kumi. Uniti arobaini za wodi nusura zimuue kwa saa mbili. Michembe haiwezi kueleza hilo. Mtu angekula gunia zima, arobaini na nne zingeacha alama. Hazikuacha alama yoyote. Yaani nyumbani hatukuwa tukimchoma dawa. Tulikuwa tukimchoma maji meupe.

Insulini ni protini. Nimelifundisha hilo miaka thelathini na nne. Protini ni mnyororo uliokunjwa kwa mpangilio wake, na kazi yake yote imo katika mikunjo ile. Ukiiunguza, mpangilio unavunjika. Ukiigandisha, unavunjika pia.

Mei 4

Nilipitia nyumbani asubuhi, nikachukua chupa kwenye deli na kuipeleka kwa Evelina. Hakuwa na zamu lakini alikuja. Aliinyanyua dirishani, akaona zile chembe zilizoshika kioo. Aliuliza nilikuwa nikiihifadhi kwenye nini. Nilimwambia.

Aliiweka chupa mezani. Kisha akasema, "Mwalimu, ikiganda mara moja tu, inatupwa. Ubaridi wa mchanga wa maji ungetosha kabisa."

Nilimwambia ni wagonjwa gani walionifuata. Alichukua simu papo hapo. Mzee Shigela alikuwa ameacha siku ya pili, barafu ya duka la bia ilimshinda. Suzana aliendelea wiki tatu, mpaka shemeji yake aliponunua friji. Vipimo vyake vilipanda kisha vikashuka, na kila mtu alidhani ni maombi. Evelina amesema Jumanne atawatangazia wote kwamba chupa isiguse barafu, na hatasema kosa limetoka kwa nani. "Nitakulinda, Mwalimu," amesema. Nami nilimshukuru. Nayaandika haya yote ili nisije nikasema baadaye kwamba sikumshukuru.

Mei 8

Wamekata mguu wa kulia chini ya goti.

Daktari amesema mguu ulikuwa hatarini siku nyingi, kwa ajili ya mishipa iliyokufa. Nataka kuwa sahihi hata hapa. Sijui kama ungepona. Ninachojua ni kwamba miezi miwili ya sukari ya juu ililisha kile kidonda kama shamba linavyowekewa mbolea.

Mei 9

Asubuhi mhudumu alitoka na boksi, akauliza ndugu ni nani. Hospitali huwauliza wenyewe kama watachukua kiungo au kiteketezwe. Teodora alikuwa amekwisha kumwambia Rebeka kwamba mguu wake utalala kwa baba yake, Kisesa. Mimi sina kwetu pa kumpa, kwetu ni matete. Rebeka aliuzungushia mguu kitenge cha mama yake, kipande kilichobaki aliposhonewa gauni la Pasaka.

Luhaga alikuwa ametuchimbia nyuma ya kaburi la Mzee Maige, baba yao. Shimo la urefu wa mkono. Sikujua kwamba shimo fupi hivyo linaweza kumchosha mtu kulitazama. Katekista alisoma mistari michache, hakuwa na uhakika asome ipi. Tulifukia kwa mikono.

Luhaga alibaki amechuchumaa baada ya wengine kwenda kunawa. Nilidhani anaomba. Alisema bila kugeuka, "Shemeji, mimi ndiye nimemkata. Nilimzoesha michembe. Ulinirudisha nalo lile gunia, nami nikasema moyoni huyu Mjaluo ana roho mbaya. Kumbe ulikuwa unamwokoa."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo ulikuwa na maneno. Nilimshika bega, nikamwambia ni mapenzi ya Mungu.

Mei 12

Teodora yuko nyumbani. 8.2. Chupa mpya iko kwenye chungu cha mchanga. Rebeka ndiye anayemchoma sindano.

Mei 13

7.9.

Mei 15, Jumatano

Nimemwambia.

Alikuwa ameketi kitandani, mguu uliobaki umekanyaga sakafu. Nilivuta kiti, nikamweleza kwa mpangilio, barafu, chumvi, protini, arobaini na nne, arobaini. Hakunikatiza. Nilipomaliza nilimuuliza jambo moja lililonikosesha usingizi. Nilimuuliza kwa nini alisema anakula michembe.

Alisema, "Ulitaka jibu. Nikakupa. Ulikuwa hulali."

Yeye ndiye aliyeendelea, na sauti yake nilikuwa sijaisikia hivyo katika ndoa ya miaka arobaini na tano. Alisema mguu ni mguu, mguu angeweza kunisamehe leo hii, maana sikukusudia. Lakini nilihesabu viazi vyake. Nilimfukuza mdogo wake mbele ya wageni. Nilimfanya akae kwenye benchi la watu wagonjwa aonekane mwizi wa chakula, mke wa mwalimu, mama wa mtu. Alisema, "Wewe unajua sukari inavyopanda na kushuka. Mimi hujawahi kunijua nisemapo kweli?"

Niliomba msamaha. Alisema hataki kuusikia chumbani. Palepale nilipolichafua jina lake, ndipo nikalisafishe. Kwanza kwa Luhaga.

Mei 19, Jumapili

Nilimkuta Luhaga akifunga ndama. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana hakunipa kiti, hakujua kwamba nimekuja kwa jambo la kukaliwa. Alimaliza fundo lake. Alisema, "Siku kumi, shemeji. Siku kumi sijala, nikijua ni mimi niliyemkata." Kisha akaingia ndani, akafunga mlango. Mke wake alinitolea maji ya kunywa, akaniambia kwa upole niende kabla mvua haijakaza.

Mei 21, Jumanne

Sikwenda kliniki. Nilisema ni mvua.

Mei 22

Teodora ameuliza jana mvua ilianza saa ngapi. Nimesema saa nane mchana. Amesema kliniki ni asubuhi.

Mei 25

Mvua zimekatika. Ziwa bado liko juu, wanasema halitashuka upesi. Luhaga amemtumia dada yake kuku na salamu. Mimi hakunitaja.

Mei 28, Jumanne

Rebeka aliazima kiti cha magurudumu kwa watu wa kanisa. Teodora alivaa lile gauni lililomlegea, amelibana kwa pini mabegani. Hatukusemezana njiani. Pale kliniki hakutaka nimsukume hadi kwenye benchi, aliniambia nimwache mlangoni, nyuma kabisa, aone watu wote.

Evelina aliponiona alitoka ofisini haraka, akaninong'oneza kwamba si lazima, kwamba watu wameshaelezwa habari ya barafu na yamekwisha. Nilimwambia bado halijasemwa moja.

Nilisimama. Benchi lilikuwa limejaa, Mzee Shigela mwanzoni, Suzana katikati na kikapu chake cha nguo. Nilianza kwa insulini, kwamba ni protini, kwamba ina mikunjo, na nikasikia sauti yangu ikiingia kwenye mtindo wake wa darasani, laini, inayojipenda. Niliikata. Nikasema kwamba mwezi wa tatu niliwafundisha kuweka dawa kwenye barafu na chumvi, na nilikosea, dawa ya nyumbani kwangu iliganda na kufa, na mgonjwa wangu alichomwa maji kwa siku hamsini na saba. Suzana aliweka kikapu chini.

Nikasema, tena mwezi wa nne nilisimama hapahapa nikawaambia kuna mwanamke anayekula kwa siri. Mlijua ni nani. Nilipofika hapo sauti iliniishia, nikaona sakafu tu, vigae na alama za matope za miguu ya watu. Nilisema kwa chini jinsi nilivyoweza: Teodora binti Maige hakula.

Mzee Shigela alivua kofia. Nilianza kugeuka ili nikae.

Kutoka mlangoni, sauti ya mke wangu ikasema, bila ukali, kama mwanafunzi anayetaka kuandika vizuri, "Mwalimu, sema tena. Huku nyuma hatujasikia."

Nilinyanyua kichwa nikasema tena.